Amplifaya kwa hedifoni zenye omu chache: maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Kigoma

Tupo Mwanga, Kigoma mjini, na kazi yetu ni kutengeneza redio, amplifaya na vifaa vya studio. Zamani tuliletewa spika tu. Siku hizi hedifoni nzuri zimeingia: kijana wa Gungu anatengeneza biti kwenye laptopu, mwalimu wa kwaya Ujiji anarekodi waimbaji wake, mfanyabiashara wa dagaa anataka kusikiliza rumba vizuri kwenye treni mpaka Dar es Salaam. Wote wanauliza amplifaya, na karibu wote wanaanza na wati. Tunawaomba waanze kwingine: amplifaya yenyewe ina omu ngapi kwenye tundu lake, na iko kimya kiasi gani, yaani haina kelele yake yenyewe. Majibu yetu ni marefu pale ambapo watu wanapoteza hela, na mafupi penginepo.

Omu zilizoandikwa kwenye boksi la hedifoni zina maana gani?

Ni impidansi, yaani kiasi ambacho hedifoni inaukinza umeme wa sauti unaopita ndani yake. Fikiria mlango wa behewa pale stesheni: mlango mpana unapitisha abiria wengi hata wasiposukumana sana, mwembamba unataka msukumo mkubwa kupitisha wachache. Omu chache ni mlango mpana. Hedifoni ya omu 32 ikipewa volti 1 inavuta miliampea 31 hivi. Ya omu 300 ikipewa volti hiyo hiyo inavuta zaidi kidogo ya miliampea 3.

Kwa hiyo hedifoni ya omu chache haihitaji volti nyingi, ila inahitaji amplifaya inayoweza kutoa mkondo bila kuchoka. Mengi yatakayofuata hapa chini yanatokana na hilo.

Omu chache ni kuanzia ngapi kushuka?

Hakuna mpaka uliochorwa. Sisi tunahesabu chochote cha chini ya 50 kuwa chache, na cha chini ya 20 kuwa chache sana. Audio-Technica ATH-M50x ni omu 38. Iyafoni za Shure SE215 ni 17, na SE846 za kampuni hiyo hiyo ni 9. Upande wa pili kuna Sennheiser HD 600 yenye 300. Beyerdynamic DT 770 Pro inauzwa kwa omu 32, 80 na 250, kwa hiyo unaponunua hiyo soma boksi vizuri. Sura ni ile ile, matumizi ni tofauti.

Shikamoo fundi. Nina hedifoni ya omu 32, simu inaipiga vizuri tu. Kweli nahitaji amplifaya?

Marahaba. Pengine huhitaji, na tunasema hivyo hata kama tunauza amplifaya.

Tuchukue ATH-M50x. Miliwati 1 inaipa desibeli 99, ambayo tayari ni sauti kubwa. Tukitaka vilele vya muziki vifike desibeli 110, tunahitaji miliwati 13 hivi, yaani volti 0.7 na miliampea 18. Kidude kidogo cha Apple cha kuunganisha USB-C na pini ya milimita 3.5, toleo la Marekani, kinatoa takribani volti 1, na impidansi yake ya kutolea sauti, yaani omu za tundu lake, haifiki omu 1. Kinatosha na kubaki. Tahadhari mbili tu: toleo la Ulaya limewekewa kikomo cha karibu nusu volti, na baadhi ya simu za Android zinakipunguza sauti mno.

Dalili kwamba unahitaji amplifaya ni hizi: umefikisha volyumu mwisho na bado sauti ni ndogo kwenye rekodi tulivu, besi inapasuka unapoongeza sauti, au tundu la simu au laptopu lina kelele ya shhh ambayo muziki hauifuniki. Kama hakuna hata moja, hela hiyo iweke kwenye hedifoni bora zaidi. Hapo utasikia tofauti.

Kwani omu chache si maana yake hedifoni ni rahisi kuendesha?

Hapana, na hapa watu wengi wanaumia. Omu zinakueleza uwiano wa volti na mkondo. Hazikuelezi sauti inayotoka. Hiyo inaelezwa na usikivu wa hedifoni, yaani desibeli ngapi kwa miliwati 1, au kwa volti 1.

Zipo hedifoni za planari, zenye utando bapa uliochorwa nyaya katikati ya sumaku badala ya koili ya mviringo. Nyingi zina omu chache lakini ni nzito kweli. Fostex T50RP ya toleo la tatu ina omu 50 na desibeli 92 kwa miliwati. Kufika desibeli 110 inataka miliwati 63, volti 1.8 na miliampea 35. HIFIMAN HE-6 nayo ina omu 50, lakini desibeli zake ni 83.5. Hiyo inataka karibu miliwati 450, volti 4.7 na miliampea 95. Linganisha na ile ATH-M50x iliyotosheka na miliwati 13. Omu zinakaribiana, mahitaji yamepishana zaidi ya mara thelathini.

Ukileta hedifoni kwetu tutakuuliza namba mbili, omu na desibeli. Ukiwa na moja tu tunabahatisha wote.

Impidansi ya kutolea ni kitu gani, na kwa nini mnaisema kila mara?

Kwa sababu ndiyo inayoharibu sauti ya hedifoni za omu chache bila mtu kujua amekosea wapi.

Amplifaya nayo ina omu zake kwenye tundu. Volti inayotengenezwa ndani inagawanywa kati ya omu hizo na omu za hedifoni. Amplifaya yenye omu 120 kwenye tundu ikiunganishwa na iyafoni ya omu 16, iyafoni inapata asilimia 12 tu ya volti. Zilizobaki zinaishia kuwa joto ndani ya amplifaya. Lakini kupungua kwa sauti ni tatizo dogo, unaongeza volyumu na maisha yanaendelea.

Tatizo kubwa ni kwamba omu za hedifoni hazibaki sawa kwenye masafa yote. Hedifoni iliyoandikwa 32 inaweza kuwa 32 kwenye sauti ya mwimbaji, kisha ikapanda hadi 96 kule chini kwenye besi, mahali utando wake unapopenda kutikisika. Sasa iweke kwenye amplifaya yenye omu 32 za kutolea. Kwenye sauti ya mwimbaji inapata nusu ya volti. Kwenye besi inapata robo tatu. Besi imeongezeka desibeli 3.5 na hakuna aliyegusa kitufe cha toni. Besi hiyo ni nono, imevimba, haina kikomo. Wapo wanaoipenda wiki ya kwanza. Ukichanganya muziki kwa hedifoni iliyo katika hali hiyo, utapunguza besi isiyokuwepo, na wimbo wako ukipigwa kwenye spika za daladala utasikika mkavu.

Iyafoni zenye spika ndogo kadhaa ndani ya kila sikio ni mbaya zaidi, maana omu zake zinapanda na kushuka sehemu nyingi. Ikiwa zinacheza kati ya 5 na 20, na tundu lina omu 10, tofauti inafika desibeli 6. Hiyo ni iyafoni nyingine kabisa, siyo ile uliyonunua.

Planari zimesalimika hapa. Omu zake hazibadiliki sana toka besi hadi juu, kwa hiyo tundu baya linazipunguzia sauti tu, umbo la sauti linabaki.

Kanuni tunayotumia ni ya sehemu moja ya nane: omu za tundu zisizidi omu za hedifoni ukigawa kwa 8. Hedifoni ya 32, tundu lisizidi 4. Iyafoni ya 16, lisizidi 2. Kwa hizo za omu 9 tafuta tundu la omu 1 au pungufu.

Mbona amplifaya nyingine zimetengenezwa na omu nyingi kama inaleta shida?

Kuna sababu ya historia. Kiwango cha kimataifa IEC 61938 cha mwaka 1996 kilipendekeza omu 120 kwenye tundu la hedifoni, na wapo watengenezaji wa hedifoni za omu nyingi waliolichukulia hilo kama jambo la kawaida. Sababu nyingine ni bei. Rezista moja (kidude cha kukinza umeme) ya kulinda IC, yaani chipu ya amplifaya, isiungue pini inapogusana ndani ya tundu ni rahisi kuliko kubuni saketi inayojilinda yenyewe.

Redio yangu kubwa ya zamani ina tundu la hedifoni. Ina nguvu kweli, siwezi kuitumia hiyo?

Kwa hedifoni za omu 250 na kuendelea unaweza kuitumia, ingawa hata hapo inavuka kanuni yetu ya sehemu moja ya nane na besi inaweza kuongezeka kidogo. Kwa omu chache, hapana. Redio nyingi za aina hiyo zinachukua umeme ule ule wa spika na kuupitisha kwenye rezista ya omu mia mbili, tatu, hata zaidi ya mia nne, kabla ya kufika tundu la hedifoni. Soma tena jibu kuhusu impidansi ya kutolea uone kitakachotokea.

Nitaijuaje impidansi ya kutolea ya kifaa nilicho nacho? Hakuna karatasi.

Unaipima, na ni kazi ya dakika chache. Unahitaji mita ya fundi inayopima volti za AC mpaka chini ya volti 1, rezista ya omu 33, na mlio wa masafa ya hezi 100 kwenye simu au laptopu. Programu za kutoa milio zipo za bure. Usitumie mlio wa juu, mita za bei rahisi zinadanganya huko.

Chomeka waya wenye pini ya milimita 3.5 ambao upande wa pili nyaya ziko wazi. Hedifoni isiwepo. Weka mlio, panda volyumu taratibu mpaka mita isome volti 0.50 kati ya waya wa upande mmoja na waya wa graundi, ule wa pamoja. Usiguse volyumu tena. Sasa shikiza rezista ya omu 33 kati ya nyaya hizo hizo mbili, usome upya. Tuseme imeshuka hadi 0.44. Toa: 0.50 kuondoa 0.44 ni 0.06. Gawa kwa 0.44, zidisha kwa 33. Jibu ni omu 4.5. Tundu hilo linafaa kwa hedifoni ya omu 38, na halifai kwa iyafoni ya 17.

Kama mita haikushuka hata kidogo, hongera, tundu ni zuri. Ikishuka hadi nusu, tundu lina omu 33 na ufikirie upya.

Ukikosa rezista, njoo. Rezista ni shilingi chache na kupima hatutozi.

Basi ni wati ngapi zinatosha?

Kwa iyafoni na hedifoni za kawaida za omu chache, miliwati 50 safi kwa kila upande ni nyingi. Kwa planari nzito anzia miliwati 500. Wati 3 zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi ni za kukuvutia.

Jifunze kusoma karatasi ya vipimo kama unavyosoma mkataba. Amplifaya mbili zote zimeandikwa miliwati 100 kwa omu 32. Ya kwanza inasema miliwati 190 kwa omu 16. Ya pili inasema 50 kwa omu 16. Ya kwanza ina mkondo wa kutosha, mzigo ukiongezeka nayo inaongeza. Ya pili imefika ukomo wa mkondo wake, na kwa hedifoni ya omu chache sana itapasua sauti mapema. Na kama karatasi inataja nguvu kwa omu 300 peke yake, au haitaji omu kabisa, muulize muuzaji. Akikosa jibu, rudisha kabatini.

Nikivaa iyafoni nasikia shhh hata muziki ukiwa umesimama. Amplifaya imeharibika?

Mara nyingi ni nzima, ila haikutengenezwa kwa masikio mepesi kama hayo. SE215 inatoa desibeli 107 kwa miliwati 1, na kwa kuwa ina omu 17 miliwati hiyo inapatikana kwa volti 0.13 tu. Ukiipa volti 1 nzima ni karibu desibeli 125. Iyafoni ya namna hiyo inasikilizisha kila takataka iliyopo. Amplifaya yenye kelele ya maikrovolti 100 itakuletea shhh ya desibeli 45 sikioni, usiku huko Bangwe palivyo kimya utakereka. Yenye maikrovolti 10 inakupa 25, na wengi hawaisikii muziki ukianza.

Kwanza shusha geini, yaani mara ngapi amplifaya inakuza sauti, kama kuna swichi. Pili, ongeza sauti kwenye simu na upunguze kwenye amplifaya, kwa sababu kelele inayoongezwa kabla ya volyumu inapungua ukishusha volyumu. Ikibaki vile vile hata volyumu ikiwa sifuri, inazaliwa baada ya volyumu na hakuna kitufe kitakachoiondoa.

Hapo kuna dawa ya kulehemu. Weka rezista ya omu 22 mfululizo na kila upande, kisha omu 2.2 kati ya upande huo na graundi, na iyafoni uchukulie kwenye hiyo 2.2. Kelele na muziki vinashuka pamoja kwa desibeli 21 hivi, muziki unaurudisha kwa volyumu, kelele inabaki chini. Uzuri wake ni kwamba iyafoni sasa inaona tundu la omu 2. Ukikuta adapta inayouzwa yenye rezista moja tu ya omu 75 mfululizo, iache: inapunguza kelele kweli, lakini umeongeza impidansi ya kutolea kwa mkono wako mwenyewe.

Volyumu nikiigusa kidogo tu sauti inalipuka, na mwanzoni inasikika sikio moja.

Geini ni kubwa kuliko hedifoni yako. Volyumu za kuzungusha za bei ya chini hazilingani pande mbili pale mwanzoni kabisa, na wewe unalazimika kusikilizia hapo hapo. Tafuta amplifaya yenye swichi ya geini ya chini, ya mara 1 hadi 3. Ukisikiliza volyumu ikiwa katikati, tatizo linaisha.

Nimeona bodi ndogo za PAM8403 zinauzwa bei ya soda. Naweza kuchomeka hedifoni?

Tafadhali usifanye hivyo. Tunalisema kwa uzito kwa sababu hedifoni nzuri zimeletwa hapa zikiwa zimekufa kwa bodi hizi.

PAM8403 ni kwa ajili ya spika. Kila upande una nyaya mbili na zote mbili zina umeme, hakuna graundi. Hedifoni ya pini ya kawaida imeunganisha waya wa kurudi wa kushoto na wa kulia pamoja. Ukiichomeka, umegusanisha matokeo mawili ya amplifaya. Na ukijaribu ujanja wa kuchukua waya mmoja na graundi ya bodi, koili ya hedifoni inapata umeme wa DC wa karibu nusu ya volti za betri, muda wote. Kwa betri ya volti 5 na koili ya omu 32, hiyo ni karibu miliwati 200 za joto zisizo na muziki ndani yake. Amplifaya za gari na nyingi za subwoofer za kisasa nazo zimeungwa kwa mtindo huo, kwa hiyo katazo ni hilo hilo.

Nataka kujiundia mwenyewe. Nianzie wapi?

Vizuri sana, hii ndiyo njia bora ya kuelewa.

Saketi ya CMoy, aliyoibuni Chu Moy, ni ya kwanza kwa watu wengi: IC moja, betri moja ya volti 9, kikopo cha peremende. Kwa IC ya OPA2134 inapendeza kwenye hedifoni za omu nyingi. Ila IC hiyo mkondo wake unaishia miliampea 40 hivi, na kwa omu 16 inaelemewa.

LM386 inapatikana kila kona, lakini geini yake ya mwanzo ni mara 20, na kwa iyafoni hiyo ni kelele tupu. Pia angalia kapasita ya kutolea, ile inayokaa kati ya IC na hedifoni. Ya maikrofaradi 100 kwenye hedifoni ya omu 16 inaanza kukata besi kwenye hezi 100, yaani gitaa la besi linapotea nusu. Kwa omu 300 kapasita ile ile isingekata chochote unachosikia. Ukilazimika kutumia kapasita kwa omu chache, nenda 470 au 1000.

Tunayoipendekeza ni Objective2, maarufu kama O2. Mbunifu wake alijiita NwAvGuy na aliitoa hadharani mwaka 2011 pamoja na michoro na vipimo. Inatumia IC za NJM4556A zenye mkondo wa miliampea 70 kila nusu, mbili zikisaidiana, na impidansi ya kutolea ni karibu nusu omu. Inaendeshwa na betri mbili za volti 9 za kuchaji, kwa hiyo umeme ukikatika unaendelea na kazi. Vifaa vyake vingi utaagiza Kariakoo au nje, hapa mjini hutavipata vyote.

Amplifaya za valvu, zile zenye taa za kioo, je? Zinapendeza macho.

Zinapendeza na masikio pia, zikipata hedifoni yake. Zile zisizo na transfoma ya kutolea zina makumi ya omu kwenye tundu, nyingine zaidi ya mia. Ni za HD 600 na ndugu zake. Kwa omu chache tafuta yenye transfoma, au uliache hilo.

Naisikia mvumo nikichaji laptopu. Na nikitumia sola ndiyo kabisa.

Chomoa chaja ya laptopu usikilize ukiwa kwenye betri. Mvumo ukiondoka, amplifaya haina kosa. Chaja ndiyo inaleta, na hedifoni nyepesi inauonyesha. Inveta za bei rahisi za sola zinatoa umeme wa ngazi ngazi, siyo wimbi laini, na kelele yake inapenya chaja nyingi. Pawabenki ni nafuu kubwa, ingawa nyingine nazo zina mlio mwembamba wa juu. Jaribu mbili tatu za jamaa kabla ya kununua. Kwa sehemu zinazotegemea sola huko vijijini, amplifaya yenye betri yake ndani ndiyo ushauri wetu wa kwanza.

Tunarekodi kwaya. Waimbaji wanne, hedifoni nne za omu 32, tundu moja. Tugawanye kwa splita?

Mwalimu, hedifoni nne za omu 32 kwenye tundu moja zinakuwa mzigo wa omu 8. Tundu la interfesi ya studio (kiboksi cha kurekodia kinachounganishwa na kompyuta) ya bei ya chini litachoka, sauti itapungua, na ikiwa lina omu 10 au zaidi kila mwimbaji atasikia besi iliyovimba. Nunua amplifaya ya hedifoni yenye matundu manne yanayojitegemea, kila moja na volyumu yake, maana wa sauti ya nne na wa soprano hawataki kiwango kimoja.

Angalia pia waya za kurefusha. Waya mwembamba wa mita nyingi una omu 1 au 2 kwenye graundi, na graundi hiyo inatumiwa na pande zote mbili. Kwa omu 16 sauti ya kushoto inavujia kulia, upana wa sauti unapotea. Heri kuisogeza amplifaya karibu na waimbaji na kurefusha waya wa kuingizia.

Tundu la milimita 4.4 ni bora kuliko la 3.5?

Linatoa volti hadi mara mbili, na impidansi ya kutolea nayo inakuwa mara mbili. Kwa HE-6 lina maana. Kwa iyafoni ya omu 16 hupati kitu, na pengine unapata shhh zaidi.

Hedifoni zangu ni za Bluetooth.

Amplifaya imo ndani yake tayari. Usinunue nyingine.

Nitajuaje hedifoni niliyouziwa ni halisi?

Mita inasaidia kidogo. Weka kwenye omu, gusa ncha ya pini na shina lake, kisha pete na shina. Utasikia mkwaruzo mdogo sikioni, ni kawaida. Hedifoni ya koili husoma karibu na namba ya boksi au chini yake kidogo, na pande mbili zinalingana. Iliyoandikwa 250 ikisoma 32, umeuziwa kitu kingine. ATH-M50x ikisoma kwenye thelathini na kitu bado hujathibitisha, kwa sababu bandia nyingi nazo zinatumia spika za omu 32. Hapo angalia mishono, uzito na muuzaji.

Amplifaya yenye nguvu inaweza kuniharibia masikio?

Ndiyo, na kwa omu chache inaweza haraka sana. Kipimo kinachotumika kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatika nusu. Desibeli 94 ni saa moja. Desibeli 100 ni robo saa. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wasizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Iyafoni ya omu 17 kwenye amplifaya ya volti 4 inaweza kupita kiwango cha maumivu kabla hujaondoa mkono kwenye volyumu.

Vijana wa studio, tunawaomba: volyumu sifuri kwanza, kisha chomeka, kisha vaa, kisha panda. Sikio likianza kulia baada ya kazi, ulipita kiasi. Seli za ndani ya sikio zikifa hazioti tena, na hakuna fundi wa kuzibadilisha.

Nikija kuchagua amplifaya, nije na nini?

Njoo na hedifoni yenyewe, boksi lake kama lipo, simu au laptopu unayotumia, na nyimbo mbili: moja yenye besi unayoifahamu na moja tulivu yenye sauti ya mtu peke yake. Tutapima tundu lako kwanza. Kama linatosha utaondoka na hela yako. Kama halitoshi utajaribu amplifaya tulizonazo kwa hedifoni yako, volyumu zikiwa zimesawazishwa kwa mita, kwa sababu iliyo juu kwa desibeli 1 tu itakudanganya kuwa ndiyo nzuri. Asubuhi ni bora, mchana soko linachangamka na hutasikia shhh yoyote.